Sura ya Tano: Mbona Nimetoka Zahanati Bila Dawa?

Swali hili haliishi kwenye mabenchi ya zahanati za Masasi na Newala. Mama ameondoka nyumbani alfajiri, mgongoni mtoto mwenye homa na mafua. Amekaa foleni. Mtoto amechomwa kidole, kipimo cha malaria kimesoma hasi. Tabibu amemsikiliza mama, amemvua mtoto shati, amemtazama anavyopumua, kisha ameandika paracetamol na kusema aendelee kunyonyesha, amrudishe haraka akishindwa kunywa, akitapika kila kitu au akipumua kwa shida. Basi. Njiani jirani anauliza, "Wamekupa nini?" Naye anajibu kwa uchungu kwamba hakupewa kitu.

Hatua chache mbele lipo duka la dawa. Huko hakuna foleni wala kuchomwa kidole, na kwa shilingi alizonazo ataondoka na vidonge vya rangi mbili, hata kama ni sita tu. Atajisikia amehudumiwa.

Sura hii inamtetea tabibu yule, na inamtetea mama pia. Usugu wa dawa hujadiliwa sana Dodoma na Geneva, lakini huamuliwa katika chumba kile kidogo cha zahanati. Chumba kikiwa na mtu mwenye muda wa kuchunguza, na kipimo, na maji, na dozi kamili kwa anayeihitaji, neno "hapana" la tabibu linaaminika. Vitu hivyo vikikosekana, hata ushauri ulio sahihi kabisa husikika kama kisingizio.

Ndago na palizi

Antibaiotiki ni dawa zinazoua bakteria au kuwazuia wasizaliane. Bakteria ni viumbe hai wadogo wasioonekana kwa macho. Wengine huleta nimonia, kisonono, kuhara damu na vidonda vyenye usaha, na wengine wengi huishi mwilini bila kumdhuru mtu. Amoksilini ni antibaiotiki. Septrini, metronidazo na doksisaiklini nazo ni hizo hizo. Virusi ni kitu kingine kabisa. Ndivyo vinavyoleta mafua, sehemu kubwa ya vikohozi vya watoto na mara nyingi kuhara, na antibaiotiki haivigusi. Mgonjwa wa mafua akimeza amoksilini atapona kwa siku zile zile ambazo angepona bila kuimeza, kisha ataisifu dawa.

Kila mkulima anaifahamu ndago. Ukipalilia juujuu, magugu laini yote yanakufa na shamba linapendeza, lakini vitunguu vya ndago vimebaki chini ya udongo, na sasa vina nafasi, mwanga na maji peke yao. Palizi ya pili inakuta ndago tupu. Ndivyo inavyokuwa mwilini. Katika mamilioni ya bakteria, wachache huwa na maumbile yanayoihimili dawa. Dawa ikiingia inawaua wengine na kuwaachia hao wachache uwanja. Baadhi ya bakteria wa tumboni, wakipata mazingira mazuri, hugawanyika kila baada ya dakika kama 20. Tena wanaweza kupeana vinasaba vya usugu, yaani zile chembe zenye maelekezo ya kuishinda dawa, hata kati ya aina moja ya bakteria na nyingine.

Hali hiyo wataalamu wa Tanzania wameipa jina refu, usugu wa vimelea dhidi ya dawa, na kulifupisha UVIDA. Anayekuwa sugu ni mdudu. Mwili wa mgonjwa haujabadilika. Kwa hiyo hata mtu ambaye hajawahi kumeza antibaiotiki maishani anaweza kuambukizwa bakteria aliyekwisha kuwa sugu ndani ya mwili wa mtu mwingine.

Ukubwa wa jambo hili unatisha. Kwa mwaka 2019 peke yake, watafiti walikadiria kwamba watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu bakteria waliowashambulia walikuwa sugu, na kanda iliyoumia kuliko zote ilikuwa Afrika kusini mwa Sahara. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilionja mapema. Katika utafiti uliofanyika huko mwanzoni mwa miaka ya 2000, watoto waliokuwa na aina fulani ya bakteria ndani ya damu walikufa kwa kiwango cha karibu 44 katika kila 100. Waliolazwa kwa malaria walikufa 20 katika kila 100. Usugu wa dawa ulikuwa miongoni mwa sababu zilizowamaliza wale wa kwanza.

Kwa kifupi: antibaiotiki inatibu bakteria, haitibu virusi. Kila inapotumika inawabakiza walio sugu, na kila inapotumika bure inafanya hivyo bila kumponya mtu yeyote.

Klorokwini ilikwendaje

Wenye umri wa miaka 40 na kuendelea wanaikumbuka klorokwini, uchungu wake mdomoni na mwasho wake mwilini. Ilikuwa dawa ya malaria ya kila nyumba, ilinunuliwa hadi kwenye genge la chumvi na kiberiti, ikamezwa kila mwili ulipochemka. Mwaka 2001 Tanzania ililazimika kuiacha na kuhamia dawa nyingine ya malaria iitwayo SP. SP nayo haikudumu. Mwishoni mwa 2006 ilianza kazi dawa mseto, yaani dawa mbili katika kidonge kimoja, ili kimelea kinachoikwepa moja kinaswe na nyingine.

Klorokwini haikuwa antibaiotiki, na kimelea cha malaria si bakteria, lakini kanuni ni ile ile. Na ng'ambo tu ya nchi yetu kuna sehemu ya pili ya habari hii, sehemu inayotia moyo. Malawi iliacha klorokwini mwaka 1993. Zaidi ya miaka kumi baadaye, watafiti wa Blantyre waliijaribu tena kwa watoto na kukuta inatibu karibu wote. Dawa ilikuwa imepumzishwa, na vimelea sugu vilikuwa vimezidiwa na vile dhaifu. Kwa antibaiotiki mambo huwa magumu zaidi, maana bakteria wengine hubaki na usugu wao hata dawa ikipumzika. Hata hivyo, kupunguza matumizi ndiyo hatua ya kwanza.

Sindano za buba

Ili kuelewa kwa nini mgonjwa wa leo hujiona amedhulumiwa akikosa sindano au kidonge, inafaa kurudi nyuma karibu miaka 100, hapa hapa Masasi.

Wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana, walifika Masasi mwaka 1876 pamoja na watu waliokombolewa utumwani. Tiba yao haikuvutia watu wengi hadi ilipokuja sindano ya buba katika miaka ya 1920. Buba ni ugonjwa wa vidonda vya ngozi unaoweza kula mifupa, na wakati ule ulikuwa umeenea sana kusini. Sindano chache zilikausha vidonda ambavyo watu walikuwa wamekata tamaa navyo. Watu walimiminika. Kwa mara ya kwanza watu wengi waliona tiba ya kizungu ikifanya kazi mbele ya macho yao, nayo ilikuwa ndani ya sindano. Si ajabu kwamba heshima ya sindano imerithiwa na wajukuu.

Mwaka 1935 akaja Lulindi, wilayani Masasi, daktari kijana Mwingereza, Leader Stirling. Kwa miaka mingi alifanya upasuaji katika majengo ya udongo na nyasi, akifundisha wauguzi wa hapo hapo kuwa wasaidizi wake. Penisilini ilikuwa imegunduliwa na Alexander Fleming mwaka 1928, lakini haikuwa imefika mikononi mwa waganga. Ilianza kuenea duniani katika miaka ya 1940. Daktari wa Lulindi wa 1935 alikuwa na sabuni, maji yaliyochemshwa, vyombo vilivyotokoswa, na mikono safi. Kidonda kikioza, au mzazi akipata homa baada ya kujifungua, hakukuwa na kidonge cha kukimbilia. Usafi ndio uliokuwa dawa.

Stirling baadaye alihamia Mnero, akawa raia wa Tanzania, na kati ya 1975 na 1980 alikuwa Waziri wa Afya katika serikali ya Mwalimu Nyerere. Ni miaka ile ambayo zahanati zilikuwa zikijengwa vijijini kwa wingi na kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973 ilikuwa bado masikioni mwa watu, pamoja na vikundi vyake vya kusikiliza redio na kuchimba vyoo. Mtu aliyeanza kazi kabla ya antibaiotiki ndiye aliyesimamia wizara wakati zinasambazwa hadi kijijini. Na Fleming mwenyewe alikuwa ameonya mapema: alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945 alisema kwamba anayejitibu penisilini kwa dozi ndogo mno anaweza kuwafundisha bakteria kuihimili.

Malaria ikikosekana, ni nini?

Hapa ndipo penye kiini cha sura.

Zamani homa ya mtoto ilikuwa malaria mpaka ithibitike vinginevyo, na mara nyingi haikuthibitishwa. Kisha kikaja kipimo cha haraka: tone la damu ya kidoleni, kijikasha cha plastiki, mstari mmoja au miwili baada ya dakika 15 au 20. Kilisaidia sana, dawa mseto zikaacha kumwagwa ovyo. Lakini kiliibua tatizo ambalo wengi hawakulitazamia. Mstari ukiwa mmoja tu, yaani hakuna malaria, tabibu alibaki mikono mitupu mbele ya mama mwenye wasiwasi. Akaandika antibaiotiki. Tafiti za nchi kadhaa za Afrika na Asia zimeonyesha hivyo: palipoingia kipimo cha malaria, dawa za malaria zilishuka na antibaiotiki zikapanda.

Je, homa hizo zilikuwa za nini hasa? Mwaka 2014 yalichapishwa majibu kutoka Dar es Salaam na Ifakara. Watoto 1,005 wenye homa, wagonjwa wa nje, walipimwa kwa kila njia iliyowezekana maabara. Karibu 71 katika kila 100 walikuwa na ugonjwa wa virusi. Wenye bakteria walikuwa 22. Wenye vimelea kama vya malaria walikuwa 11, na wengine walikuwa na zaidi ya kimoja. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya watoto wale hawakuhitaji antibaiotiki hata chembe. Ila wale 22 waliihitaji, na wengine wao waliihitaji siku ile ile.

Kazi ya zahanati ni kuwatambua hao 22. Na kifaa kimojawapo muhimu hakina bei kubwa: saa yenye mkono wa sekunde, au kile kihesabio cha pumzi kinachotoa mlio dakika ikiisha.

Mtazame muuguzi anayefanya kazi hiyo sawasawa. Anasubiri mtoto atulie, maana anayelia hupumua haraka hata kama mapafu yake ni mazima. Anamwomba mama apandishe nguo ya mtoto hadi kifuani, mtoto akiwa mapajani mwake, ikiwezekana ananyonya. Anatazama tumbo na kifua vikipanda na kushuka, anahesabu midomo ikicheza kimya, dakika nzima, hakatishi kwenye nusu na kuzidisha mara mbili. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifikisha pumzi 50 kwa dakika, anapumua haraka mno. Wa mwaka mmoja hadi chini ya miaka mitano, kikomo ni 40. Kisha anatazama kama sehemu ya chini ya kifua inabonyea mtoto anapovuta hewa. Mwenye dalili hizo huenda ana nimonia: anapewa amoksilini ya kuyeyusha kwenye kijiko cha maji, au akiwa na hali mbaya zaidi anapelekwa juu, hospitali ya Mkomaindo, Ndanda au Newala. Asiye nazo, anayekohoa na kucheka, hahitaji.

Dakika hiyo moja ndiyo inayoliwa na foleni. Pale tabibu mmoja anapoona wagonjwa kwa makumi kabla ya adhuhuri, kuandika amoksilini ni haraka kuliko kuhesabu.

Kuna ushahidi kwamba dakika hiyo ikirudishwa, mambo hubadilika. Dar es Salaam, kati ya 2014 na 2016, watoa huduma walipewa programu ya kwenye kishikwambi inayowaongoza swali kwa swali, pamoja na vipimo vichache vya haraka, kikiwemo cha oksijeni kidoleni. Antibaiotiki zikaandikwa kwa watoto 11 katika kila 100. Katika huduma ya kawaida iliyotazamwa pembeni, zilikuwa zikiandikwa kwa 95. Na watoto hawakuumia. Waliopona bila matatizo waliongezeka. Mtu angeweza kusema hayo ni ya utafiti wa mjini chini ya uangalizi mkali. Ndipo mradi mkubwa zaidi ukaenda kwenye zahanati na vituo vya afya 40 vya mikoa ya Mbeya na Morogoro, kwa watoa huduma wa kawaida na foleni za kawaida. Palipotumika programu, walioandikiwa antibaiotiki walikuwa 23 katika kila 100. Palipoendelea kama zamani walikuwa 70. Matokeo yalichapishwa mwaka 2024, na hapakuonekana ongezeko la watoto waliozidiwa.

Kutoka 70 hadi 23! Hakuna dawa mpya iliyogunduliwa hapo. Walichopewa ni njia ya kumwona mgonjwa vizuri zaidi.

Kwa kifupi: homa bila malaria mara nyingi ni virusi. Zahanati huokoa antibaiotiki kwa kuchunguza, na kuchunguza kunahitaji mtu, muda na vifaa vichache.

Taifodi na UTI za kila wiki

Nchini sasa kuna magonjwa mawili ambayo karibu kila mtu mzima ameambiwa anayo: taifodi na UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Yapo kweli, na taifodi inaua. Lakini yanapimwaje?

Taifodi hupimwa mara nyingi kwa kipimo cha Widal, kilichobuniwa mwaka 1896. Hakimtafuti mdudu mwenyewe. Hutafuta askari wa mwili waliotengenezwa kumpinga, na askari hao wanaweza kuwa wamebaki kutokana na maambukizi ya zamani au ya wadudu wengine wanaofanana naye. Kikifanywa mara moja tu, hakitoshi kusema mtu ana taifodi leo. Wapo watu wanaobeba majibu chanya miezi na miezi, na kila wakichoka au kuumwa kichwa wanapewa siprofloksasini upya.

UTI nayo iliangaliwa na mradi wa utafiti uliofanyika Kenya, Tanzania na Uganda. Mikojo ya wagonjwa zaidi ya 7,500 wenye dalili ilioteshwa maabara, yaani bakteria walipewa nafasi ya kukua ili waonekane. Waliokutwa na maambukizi ni karibu theluthi moja. Theluthi mbili wangeweza kupewa antibaiotiki bila sababu. Na kati ya bakteria waliopatikana, wengi walikwisha kuwa sugu kwa dawa za aina kadhaa.

Kuotesha ndilo jibu sahihi, lakini si kazi ya zahanati. Uchunguzi uliofanyika katika nchi 14 za Afrika, Tanzania ikiwemo, ulikuta kwamba maabara zinazoweza kuotesha bakteria hazifiki hata 2 katika kila 100. Tabibu wa kijijini kwenye tambarare ya Wamakonde atabaki akitegemea masikio, macho, mikono na mwongozo wa matibabu wa taifa. Ndiyo maana mwongozo huo unamtaka aanze na dawa za kundi la kawaida, kama amoksilini, na kuziacha zile za tahadhari, kama azithromaisini na seftriaksoni, kwa magonjwa yanayozistahili. Mwaka 2024 mataifa yaliyokutana Umoja wa Mataifa yaliweka lengo kwamba angalau asilimia 70 ya antibaiotiki wanazotumia binadamu duniani ziwe za kundi hilo la kawaida. Sindano ya seftriaksoni kwa mafua ni matumizi mabaya ya silaha ya hospitali, hata mgonjwa akiiomba kwa machozi.

Rafu tupu hujaza duka

Sasa upande wa mama.

Kwa sera ya nchi, watoto wa chini ya miaka mitano, wajawazito na wazee wasio na uwezo wanatibiwa bila malipo. Lakini mama anaujua msemo wa dirishani: "Dawa hii imeisha, kanunue." Amoksilini ikikosekana zahanati, anakwenda dukani, na dukani pesa ndiyo inayopanga dozi. Tambarare ya Wamakonde inaishi kwa korosho. Minada huanza karibu Oktoba, pesa inaonekana, watu wanalipa madeni. Ikifika Februari na Machi, mvua imekolea, malaria na vikohozi vimeshika kasi, chakula kipya hakijaiva, na mfuko ni mtupu. Mtu anaomba vidonge vya shilingi 500. Anapewa.

Anayemkemea mtu huyo kwa kutomaliza dozi hajaangalia mfuko wake.

Serikali ilijaribu kuziba pengo hilo kwa njia ya busara. Mwaka 2003, mkoani Ruvuma, yalianza majaribio ya Duka la Dawa Muhimu: maduka ya kawaida yaliyokaguliwa, wauzaji wake wakafundishwa, yakaruhusiwa kuuza antibaiotiki kadhaa zilizotajwa kwenye orodha. Mtwara ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyofuata, na leo maduka hayo yapo nchi nzima. Yamesogeza dawa karibu na watu, na hilo ni jema lisilopuuzwa. Lakini muuza dawa anaishi kwa anachouza. Kumwambia mteja "huhitaji dawa, nenda kapumzike" ni kujinyima mapato, na mteja atavuka barabara. Mtoa huduma wa zahanati hapotezi mshahara wake akisema hapana, na hiyo ni sababu kubwa ya kumtegemea yeye kwanza. Kampeni ya taifa ya "Holela-Holela Itakukosti" imefikisha ujumbe kwa wengi, ila ujumbe hauwezi kuijaza rafu.

Mifugo pia imo. Antibaiotiki zinazochanganywa kwenye maji ya kuku ili wasiumwe, bila mtaalamu wa mifugo, na mayai yakauzwa kesho yake, zinazalisha bakteria sugu wale wale.

Jambo moja limebadilika katika ushauri kuhusu dozi. Zamani iliaminika kwamba siku nyingi ni bora daima. Utafiti umeonyesha kwamba kwa magonjwa kadhaa siku chache zinatosha. Nimonia ya kawaida ya mtoto hutibiwa kwa siku tano au hata pungufu. Kwa hiyo la kushika ni siku zilizoandikwa, bila kupunguza wala kuongeza, na bila kumwekea mwingine masalia kabatini.

Kliniki ya kifua kikuu

Mwenye shaka kama vituo vidogo vinaweza kuzuia usugu aitazame kliniki ya kifua kikuu.

Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma. Mmoja wa washauri wake, daktari Karel Styblo mwenye asili ya Czech, alijenga hapa utaratibu rahisi: makohozi yapimwe, dawa kadhaa zitolewe kwa pamoja, mgonjwa ameze dawa mbele ya mtu, kila jina liandikwe kwenye daftari na kufuatiliwa hadi mwisho. Katikati ya miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliuchukua utaratibu huo na kuupeleka ulimwenguni. Ulizaliwa katika vituo vya kawaida vya Tanzania.

Kwa ukoma, ugonjwa uliowatesa watu wa kusini miaka mingi, hadithi inafanana. Dapsoni ilitumika peke yake hadi ikashindwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikaja tiba ya dawa mchanganyiko katika pakiti za mwezi mzima, bure.

Matokeo? Katika uchunguzi wa kitaifa wa 2006 na 2007, kifua kikuu sugu kwa dawa kuu mbili kilionekana kwa takriban mgonjwa mmoja tu katika kila wagonjwa wapya 100. Dawa ya kifua kikuu hainunuliwi dukani vidonge viwili viwili. Haiishi katikati ya tiba isipokuwa kwa uzembe mkubwa. Asiyekuja kuichukua hufuatwa nyumbani. Hakuna sababu ya kuamini kwamba watu wale wale, katika vyumba vile vile, hawawezi kuitunza amoksilini kwa uangalifu unaokaribia huo.

Maji ya Mitema na chanjo za jokofuni

Antibaiotiki iliyo salama kuliko zote ni ile ambayo haikuhitajika. Januari 2013 watoto wa Tanzania walianza kupata chanjo mbili mpya za taifa, moja ikizuia bakteria wakuu wa nimonia na nyingine virusi vya rota vinavyoharisha. Zinatolewa katika zahanati, mtoto akiwa na wiki 6 na kuendelea. Mtoto asiyeharisha haandikiwi metronidazo. Na anayeharisha majimaji bila damu anahitaji ORS na zinki ya siku 10 hadi 14. Kwake antibaiotiki kwa kawaida haina kazi.

Lakini tambarare ya Wamakonde ina kiu yake ya zamani. Udongo wake wa mchanga unameza mvua yote, na kwa vizazi vingi wanawake wa Newala walishuka makorongo hadi bondeni kufuata maji na kupanda tena na mitungi kichwani. Mradi wa maji wa Makonde, unaosukuma maji ya Mitema kupanda juu, ulianza tangu enzi za mkoloni, ukapanuliwa kwa msaada wa Finland, na sasa umo katika ule mpango wa miji 28 unaojengwa kwa mkopo wa India. Zahanati isiyo na maji inamwomba mkunga asaidie uzazi kwa ndoo moja. Mikono ile ile inamgusa mzazi, kitovu cha mtoto, kisha mgonjwa mwenye kidonda. Baadaye homa zinaanza, na antibaiotiki inatumwa kufanya kazi iliyokuwa ya sabuni. Stirling asingekubali hali hiyo katika nyumba yake ya nyasi.

Je, mwananchi wa kawaida anaweza kufanya nini? Mbele ya tabibu, maswali matatu yanatosha:

- Ugonjwa huu unasababishwa na bakteria, au utapona wenyewe?
- Kama ni antibaiotiki, ni ipi, mara ngapi kwa siku, na kwa siku ngapi?
- Dalili zipi zikitokea nirudi hata usiku?

Nje ya chumba cha tabibu ana nguvu nyingine ambayo wengi hawaitumii. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za serikali na wafadhili huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya zahanati, na kila kituo kina kamati ya usimamizi yenye wawakilishi wa wananchi. Mganga mfawidhi anaagiza dawa Bohari ya Dawa, na daftari la stoo linaonyesha amoksilini ya watoto iliisha lini na ilikosekana siku ngapi. Kwenye mkutano wa kijiji ni halali kabisa kuuliza siku hizo ni ngapi, kuuliza tangi la maji ya mvua litafungwa lini, na kudai tabibu wa pili aombwe kwa Mganga Mkuu wa Wilaya kabla ya msimu wa mvua kuanza.